Pole ya Kweli

Muuguzi Kissa alinigonga kifuani kwa vidole viwili, akasikiliza, akagonga tena.

"Mzee Soli, haya mapafu umeyaokota wapi?"

"Njiani," nikamwambia.

"Miaka sabini na moja na yanalia kama debe jipya. Haya, inua mikono."

Akanifunga mkanda. Ni kitu chembamba, upana wa vidole vitatu, rangi ya majivu, unapita chini ya chuchu na kubana mgongoni. Ukiuona mara ya kwanza utadhani ni wa kufungia godoro. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi miezi mitatu, lakini siku ya mbio ni siku ya mbio.

Hema letu lilikuwa kwenye kona ya Soko Matola, katikati ya ule mwinuko unaotoka Mafiati kwenda juu mjini. Mbio za Loleza huanza Songwe, kilomita thelathini, na nchi yote ile inapanda kama ukuta ulioegemezwa. Kila mkimbiaji ana wapokezi watatu. Wa kwanza anampokea hadi Iyunga, wa pili anamfikisha Mafiati, wa tatu anammalizia hadi utepe ulipo, chini ya mlima wenyewe. Mimi nilikuwa wa tatu wa Minza Luhende.

Nieleze nilivyoelezwa, maana shule yangu niliisoma vipande vipande: darasa la pili Manyoni, la nne Tunduma, mengine kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Kissa anasema uchovu si mzigo, ni taarifa. Mguu unapiga simu kichwani kusema jamani huku tumekwisha. Mkanda unaidaka ile simu njiani na kuipeleka kwa mtu mwingine, na huyo mwingine ndiye anayehema, ndiye anayeungua mapaja, ingawa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Haudaki yote. Kila mpokezi anachukua theluthi, basi, kwa sababu mtu asiyesikia uchovu hata kidogo atakimbia mpaka afe huku anacheka.

Ulitengenezwa kwa ajili ya wodi ya wazazi, ili mume achukue sehemu ya uchungu. Wakahitaji neno la kuufungulia, na neno walilolikuta mdomoni mwa kila anayeingia wodini ni pole. Kwa hiyo mkanda unasubiri pole. Lakini hautaki pole ya mdomoni. Unasikiliza koo linavyotetemeka na moyo unavyokwenda, na kama humhurumii unayempa, unakaa kimya kama mlango wa benki Jumapili. Waume wengi waliumbuka hapo.

Kuufunga ni rahisi. Aliyepewa pole anajibu nishapoa. Hilo halipimwi. Nilimuuliza Kissa kwa nini, akasema, "Tulijaribu kulipima, mzee. Hakuna hata mmoja aliyepita. Watu wote husema nishapoa na hakuna aliyepoa."

*

Nilifika Mtaa Namba Kumi na Nne miaka minne kabla ya siku ile, nikiwa na mfuko wangu wa sindano, uzi na gundi, nia yangu nilale siku mbili niendelee kwenda Chunya. Siku ya pili akaja mwanamke na raba iliyolika kisigino upande wa nje. Mimi huwasoma watu chini. Kiatu kile kilisema: huyu hapumziki, na akipumzika anapumzika akiwa amesimama. Nikakishona. Baada ya wiki tatu akakirudisha kimelika vilevile. Nikajikuta nataka kuona cha tatu.

Huyo ndiye Minza. Anapakia parachichi kwenye banda la Iyunga, saa nane kwa siku kwa miguu. Kabla ya kwenda kazini anapanda hadi Nzovwe na kurudi. Sijawahi kumsikia akisema amechoka. Alikuwa ameshika nafasi ya pili katika Loleza mara tano. Mara tano, mtu yuleyule, na kila mwaka anarudi kwenye mstari kama mtu anayerudi kudai sufuria yake.

Mwezi uliokuwa unafuata angetimiza miaka thelathini na mitano, na mkimbiaji aliyevuka hapo haruhusiwi mkanda. Hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho.

Na mshindi wa Loleza hapewi kikombe tu. Mtaa anaoishi unapewa jina lake. Kibao kinapigwa, ramani inabadilishwa. Watu wa Namba Kumi na Nne walihamishwa kutoka bondeni ziwa Rukwa lilipofura na kumeza vijiji, wakapangwa kwenye mteremko, wakapewa namba, wakaahidiwa jina. Ni miaka kumi na tisa sasa. Ukimwita zimamoto anakuuliza, "Kumi na nne ya wapi?" Mama mmoja pale aliniambia, "Hata mbwa wa mjini ana jina, sisi tuna namba kama wafungwa."

Jioni ya kuamkia mbio Minza alikuja kuchukua raba zake.

"Babu, kesho ukichoka usinifiche."

"Nikuambie nini? Uchovu wenyewe ni wako."

Akacheka, akazipima miguuni, akarukaruka mara mbili kwenye vumbi. "Umeziwekea nini hizi?"

"Soli."

"Nenda zako huko," akasema, akaondoka anakimbia.

*

Wakimbiaji walipofika Mafiati tuliwasikia kabla ya kuwaona. Malori ya Tunduma, yale yanayojiendesha, yalikuwa yamepangwa kandokando ya barabara kuu, na kila kiongozi wa mbio anapoyapita yanampigia honi moja moja. Tukasikia honi zinakuja kama mtu anapitisha fimbo kwenye uzio wa bati.

"Minza Luhende," akasema mtangazaji kwenye vipaza sauti. "Hatua arobaini mbele ya Subilaga wa Uyole."

Kissa akanigusa bega. Nikavuta picha ya yule mwanamke na kisigino chake. "Pole, mjukuu wangu," nikasema. Kitaa cha mkanda kikawa kijani, na theluthi yangu ikaingia.

Sitaki kulitia chumvi. Mapaja yalijaa maji ya moto. Kifua kikawa kama kuna mtu amekikalia. Sikioni, maana mkanda una sikio na mdomo, nikaisikia pumzi ya Minza, inakata kama msumeno kwenye mti mbichi. Nikawaza, kama hii ni theluthi moja, yeye amebeba mbili, na anapanda mlima. Nimewaona wabeba chumvi, nimewaona wachimbaji wakitoka shimoni na kiroba kichwani. Sijaona mtu kama yule.

Lakini mwinuko wa Mafiati hauna heshima. Alipofika chini ya kona yetu nilimwona kwa macho yangu, na goti la kushoto lilikuwa linaingia ndani. Hatua arobaini zikawa ishirini. Zikawa tano. Watu wa Namba Kumi na Nne walikuwa wamejaa upande wa kulia, na walikuwa wanaimba, na kuimba kule kukaanza kupungua sauti.

Subilaga alimfikia palepale mbele ya hema. Binti wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mguu mwepesi kama anakanyaga chapati ya moto. Akampita. Na alipokuwa anampita aligeuza uso akamwona Minza alivyokuwa, mdomo wazi, mate yamekauka shavuni.

"Pole, dada," akasema.

Jamani, angefanya nini? Ndivyo alivyolelewa. Ndivyo tulivyolelewa sote. Humpiti mtu anayeumia ukakaa kimya, hata kama ni wewe unayemshinda. Katika miaka thelathini ya mbio zile wakimbiaji walikuwa wamepeana pole maelfu ya mara, na mikanda haikushtuka, kwa sababu zilikuwa pole za njiani, adabu tu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba siku moja mkimbiaji atamwonea mwenzake huruma ya kweli katikati ya mwinuko.

Kitaa cha mkanda wa Subilaga kikawa kijani.

*

Mimi kwangu hapakubadilika kitu, moto ulikuwa palepale. Kilichobadilika ni sikioni. Ule msumeno ukanyamaza. Ikaja pumzi ya mtu anayetembea sokoni.

Minza akanyanyua magoti. Akampita Subilaga kama mtu anayepita nguzo. Na yule binti akajitazama miguu yake, akashangaa, kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

Kissa alikuwa anasoma kwenye kishikwambi chake. "Mungu wangu," akasema taratibu. "Mtoto wa watu kampokea."

"Babu," Minza akaniita sikioni. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Ni pole ya yule binti. Imepita."

Nasikia raba zangu zinapiga lami, pa, pa, pa, safi.

"Imepita kweli?"

"Mkanda haudanganyiki."

"Kwa hiyo huu wepesi..."

"Ni wake. Amechukua theluthi yako juu ya zake."

Katika kilomita ya mwisho sauti za wakimbiaji hurushwa kwenye vipaza sauti, ndio utamu wa mbio zile. Sasa walikuwa wameivuka alama hiyo. Mji mzima ulikuwa unatusikiliza, na mimi nilikuwa nimesahau.

"Nikinyamaza, babu?"

Nitasema ukweli, nimezeeka mno kuuficha. Niliona kibao. Nilikiona kimepigwa pale kwenye kona ya mtaa, nyeupe kwenye bluu, Mtaa wa Minza Luhende. Nikamwambia, "Kanuni inakuruhusu. Pole ikishapita ni halali, na wa kuifunga ni aliyepewa. Ukikaa kimya hakuna wa kukugusa."

"Sikukuuliza kanuni, babu."

Kule kando ya barabara watu wake walikuwa wameelewa. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Minza, funga mdomo!" Na wengine wakadakia, si kwa ubaya, kwa kumbembeleza. "Nyamaza, mama. Nyamaza tu. Ni hatua chache." Wazee wenzangu, watu ninaocheza nao bao. Upande wa pili watu wa Uyole walikuwa wamesimama, wanamwangalia binti yao akipanda kilima na miguu ya watu wawili.

Na anapanda. Hilo nalo lisemwe. Hakusimama, hakulalamika, hakumwita Minza. Angeweza kumwambia, dada, nijibu. Mtu hadai jibu la pole yake.

Nikahesabu hatua za Minza. Sikukusudia, ni tabia ya fundi. Hatua sitini alikimbia kimya.

Ya sitini na moja aligeuza kichwa.

"Nishapoa, mdogo wangu," akasema. "Asante."

*

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho Kissa hakunifundisha. Nishapoa haichagui. Inafunga zote. Theluthi ya Subilaga ilirudi, na yangu pia ilirudi, na moto wote niliokuwa nao ukanitoka mara moja nikabaki mzima kwenye kiti changu cha plastiki, mzee mwenye afya, na Minza yuko juu kule peke yake na theluthi zote tatu.

Nilimwona anainama kama aliyepigwa na gunia mgongoni. Subilaga akampita, na safari hii hakusema kitu, alimgusa bega tu.

"Mzee, sema tena," Kissa akaniambia. "Unaruhusiwa kumfungulia. Haraka."

"Pole," nikasema.

Kitaa hakikuwaka.

"Pole, mjukuu wangu. Pole."

Kimya. Kissa akanitazama usoni, nikageuza uso. Alikuwa ameelewa, na mimi nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimemkasirikia. Miaka minne ya soli, miezi mitatu ya mazoezi, watu wote wale na namba yao, na yeye ametupa kila kitu barabarani kwa sababu ya adabu. Mdomo wangu ulikuwa unasema pole, moyo unasema mpumbavu wewe. Na mkanda ulikuwa unausikiliza moyo.

Mkimbiaji wa tatu akampita. Wa nne. Watu wa Namba Kumi na Nne walikuwa wamekaa chini, wengine wameanza kukunja kanga walizokuja nazo za kupepea.

Nikatoka hemani. Nikasimama katikati ya lami nikamwangalia. Alikuwa anatembea sasa, akijaribu kukimbia kila baada ya hatua tatu. Goti la kushoto limeingia kabisa. Na kutoka nyuma nikaiona ile raba, kisigino upande wa nje, imeshaanza kulika, siku moja tu, kilomita ishirini na tisa. Nikaona kwamba hakutupa kitu. Alikuwa anakwenda vilevile. Huyu angekuwa anakwenda vilevile kama hakuna utepe, hakuna kibao, hakuna mtu barabarani. Mimi nimehama miji kumi na saba kwa sababu kila mahali palinichosha, na huyu mwanamke amechoka mara tatu ya binadamu na bado anaulizia mguu unaofuata.

"Pole, Minza," nikasema. Sikuwa nimemwita jina kabla ya hapo.

Ikaingia kwa nguvu hadi nikapiga magoti kwenye lami. Kissa akanishika kwapani, mkono mwingine uko kwenye kifungo cha mkanda. "Moyo wako unakwenda mbio mno, nikufungue?"

"Acha."

"Mzee Soli."

"Acha, mama. Hii ni yangu."

Alimaliza wa tisa.

*

Subilaga alikuwa anamsubiri kwenye utepe. Alikuwa na taji kichwani na amekataa kukaa. Minza alipodondoka alimwinua, wakakaa chini wote wawili kwenye vumbi, wanahema. Vipaza sauti vilikuwa bado wazi.

"Dada, mbona ulinijibu?"

"Ulinipa pole. Ulitaka nikuache hivyohivyo kama mtu aliyesalimia ukuta?"

"Ungeshinda."

"Najua. Nimekimbia hatua sitini nikijua." Akatema mate pembeni. "Miguu yako mizuri, lakini unaruka mno kwenye mwinuko. Tembeza chini."

Msimamizi wa mbio alihojiwa baadaye akasema wazi kwamba angenyamaza wangemvika taji, kitabu hakina kipengele cha kumzuia. Mwaka uliofuata wakakiandika. Subilaga ana mtaa Uyole, na kibao chake ni kizuri, nimekiona.

Sisi tulirudi Namba Kumi na Nne. Sitasema tulirudi tukiimba. Kwa wiki moja hivi watu walimwamkia Minza kama wanamwamkia mpangaji. Yule mwanamke wa "funga mdomo" alimwambia mbele yangu, "Wewe umeshiba adabu, sisi tutakula nini?" Minza alinijia siku moja akaweka raba mezani, akasema, "Wanaionea uchungu nishapoa yangu. Mimi zinaniuma zile hatua sitini." Nikashona. Nilikuwa nimejifunza kutosema lisilo kweli.

Nikaondoka mwezi huohuo. Nilikuwa nimekaa miaka minne, kwangu ni maisha mawili. Nikafika Chunya, nikafika Mpanda, nikavuka hadi Kigoma, nikashona viatu vya watu wasionuka parachichi. Nilikaa mwaka na miezi saba. Kila jioni nilipovua shati nilitazama pale chini ya chuchu ulipobana mkanda, pana alama kidogo.

Niliposhuka kwenye treni Mbeya ilikuwa saa tano asubuhi, kuna baridi ile yenye jua. Bajaji zilikuwa kwenye mstari. Dereva wa kwanza alikuwa kijana wa Uyole kwa lafudhi, akanipokea mfuko wangu wa sindano akauweka nyuma.

"Pole na safari, mzee."

"Nishapoa," nikamjibu, kama mtu yeyote.

Akawasha, akageuza usukani kulia. Hakuuliza kitu. Nikamwambia, kijana, subiri, sijakuambia ninakwenda wapi.

"Si umesema?"

"Nimesema nini?"

"Nishapoa." Akanitazama kwenye kioo kama anayemwonea huruma mzee aliyepotewa na akili. "Huko juu, kwa watu wa ziwa. Sisi wa Uyole tulianza kuwaita hivyo kwa kuwacheka, mwaka ule wa yule mama. Wenyewe wakalichukua. Sasa wameliandika kwenye ubao wa kuchongwa, mkubwa huo, watu wa jiji wamechoka kuung'oa." Akapiga honi, akampisha mama mmoja mwenye beseni. "Au huko siko?"

Nikakaa vizuri, nikaunyoosha mguu.

"Ni huko," nikamwambia. "Ni huko huko. Twende."